Aidani Amepata Ajira, Aondolewe

YAH: MAREKEBISHO MADOGO YA ORODHA YA WANACHAMA WA KUFA NA KUZIKANA KUTOKANA NA MWANACHAMA MMOJA KUPATA AJIRA SERIKALINI

Hicho ndicho kilikuwa kichwa cha habari cha kikao chetu cha Februari. Anayekiona kirefu mno kwa benchi la mbao lisilotosha watu sita, huyo hamjui Katibu wetu, Athanasi. Alikuwa karani ofisi ya kata miaka nenda rudi. Akastaafu, ila ukarani ukakataa kustaafu naye. Benchi letu liko Mfaranyaki, kwenye kona, nje ya duka la cherehani la Bakili, na Juni kama hii Songea inapokuwa na baridi ya kukunja vidole, tunakaa hapo na makoti yetu ya mitumba tumeyafunga hadi kidevuni, tukimngoja Daimu na birika lake la kahawa. Tuna chama chetu cha kufa na kuzikana. Hakijasajiliwa popote, lakini kina mihuri miwili. Wa kudumu wa asubuhi ni Katibu. Ni Bakili, mtu wa Tunduru, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kushinda kesi ya mbuzi mahakama ya mwanzo bila msaada wa mtu. Ni Mwalimu Eusebi, mstaafu, ambaye tangu apigiwe hesabu ya mafao yake hana mazungumzo mengine, tukambatiza Kikokotoo, jina la ile kanuni ya kukokotoa pensheni. Na ni mimi, ambaye kazi yangu ni kusikiliza. Wa tano alikuwa Aidani.

Aidani alisomea ualimu wa Historia na Jiografia, masomo ambayo nchi ilikuwa na walimu wake wa kutosha. Alipohitimu akarudi kwa mama yake, Mektilda, akakaa benchini kwetu miaka minane akingoja ajira. Tulimwita Mwalimu Mtarajiwa. Kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa na mgongo mzima na siku nzima, kila tulipofiwa, kaburi alichimba yeye. Alichimbia wanachama, wake za wanachama, na mama mkwe mmoja aliyekuja kutembea tu. Alichimba kwa ufundi, kingo zimenyooka, udongo umepangwa upande mmoja watu wasichafue viatu. Akimaliza ananawa, anakaa nasi, anakunywa kahawa, anauliza kama kuna aliyesikia habari za ajira.

Januari mwaka huu ajira zikatoka na jina lake likiwamo. Alipangiwa Nalasi, kule Tunduru. Tulimsindikiza stendi kwa vifijo. Baada ya hapo tukakaa kikao tukamwondoa. Hoja ilikuwa nyepesi: ana mshahara, ana bima, ana chama cha walimu, ana mfuko wa pensheni, serikali nzima imesimama nyuma yake, sisi wa kahawa tutamfaa nini? Katibu aliita jambo hilo kupandishwa hadhi. Tulipiga makofi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mwenyewe.

Juni hii, Jumatatu jioni, simu ikaingia. Malaria ilimpanda Aidani kichwani. Wenzake walimkimbiza Mbesa, hospitali ya misheni, wakamhangaikia usiku kucha, alfajiri akafariki. Mektilda alituma ujumbe mmoja tu: mwili unakuja, mazishi Jumatano, waambieni wenzake wa benchi.

Jumanne asubuhi Daimu alitukuta tumeshakaa.

— Mimina, Daimu, alisema Katibu. Ya leo usitie tangawizi.

— Kwa nini?

— Msiba.

Daimu akamimina bila tangawizi. Hakuna aliyeuliza tangawizi ilikuwa na kosa gani.

— Sasa, alisema Mwalimu Kikokotoo, kwanza tujue huyu marehemu ni wa nani.

— Ni wa mama yake, alisema Daimu.

— Nasema kiutaratibu, wewe.

— Kiutaratibu pia ana mama.

— Daimu, mimina kahawa. Mimi naongea mambo ya utumishi. Mwalimu akifa akiwa kazini anazikwa na chama cha walimu. Wanakuja na jeneza, wanakuja na mwakilishi, mwakilishi anasoma risala. Mimi nimehudhuria mazishi ya namna hiyo si mara moja. Unarudi nyumbani unatamani zamu yako ifike.

— Basi si wamzike, alisema Wakili.

— Wamzike vipi na hajajaza fomu? Jana nimempigia kijana mmoja wa chama huko Tunduru. Kijana mstaarabu, kanipa pole mpaka nikaona haya. Kasema, mzee, huyu tulimfuata shuleni mara tatu. Tukamweleza faida zote, kutetewa kazini, kuzikwa, kila kitu. Akawa anacheka tu. Akatuambia, asanteni, mimi chama ninacho.

Wakili aliyekuwa anapuliza kikombe akaacha kupuliza.

— Chama gani?

— Hakusema chama gani.

Wote tukaangalia ndani ya vikombe vyetu. Kahawa ilikuwa nyeusi, haina la kuonyesha.

— Atakuwa alijiunga na kile kingine, alisema Katibu. Siku hizi si vimekuwa viwili?

— Vitatu, alisema Kikokotoo.

— Basi ni mojawapo ya hivyo.

— Itakuwa hivyo. Vijana wanapenda vitu vipya.

Tukakubaliana haraka mno kwamba ni kile kingine. Sijawahi kuona benchi letu likikubaliana haraka namna ile, hata kuhusu mpira.

— Ukiacha chama, alisema Wakili, kuna mfuko wa pensheni. Hapo hakuna cha fomu. Wanakata wenyewe.

Hapo Kikokotoo akakaa vizuri, kama mtu aliyeitwa mbele kutoa ushuhuda.

— Wanakata, ndiyo. Lakini pensheni ya kila mwezi inataka uwe umechangia miaka kumi na tano. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ameanza.

— Kwa hiyo kabakiza.

— Kabakiza miaka kumi na minne na ushei.

— Hawezi kumaliziwa? Wakili aliuliza. Maana mkopo benki mtu akifa anamaliziwa na bima. Mtu akiacha shamba nusu, ndugu wanamalizia palizi.

— Amaliziwe na nani?

— Na mama yake. Aende Nalasi akashike chaki, aimalize hiyo miaka, halafu apewe pensheni ya mwanawe.

— Mektilda afundishe Historia?

— Jiografia. Yule analima Maposeni miaka yote, ardhi anaijua kuliko huyo mkaguzi atakayemkagua.

Kikokotoo akalifikiria. Nasema kweli, akalifikiria, kidole kikigongagonga kikombe.

— Umri, alisema mwishoni. Ameshapita umri wa kuajiriwa.

— Lakini kilichokwisha kukatwa si atapewa?

— Atapewa. Kwanza ukoo ukae, uandike muhtasari wa kumteua msimamizi wa mirathi, uende mahakamani, tangazo libandikwe, watu wapewe muda wa kupinga.

— Nani apinge? aliuliza Daimu. Kaacha begi na redio.

— Ni lazima wapewe muda, hata kama hayupo wa kupinga.

Daimu akapuliza mkaa wake. Ni mtu wa maneno machache, na siku hiyo maneno hayo machache yote yalikuwa yanatukera.

— Jamani, alisema, mwili unafika leo.

— Tunajua.

— Na mazishi kesho.

— Daimu, tunajua.

— Nilidhani mmesahau. Maana mmeshafika miaka kumi na mitano mbele.

Katibu akakohoa kikohozi chake cha kufungua kikao. Akatoa kalamu mfuko wa koti, akaishika tu, karatasi hakuwa nayo.

— Hoja iliyoko mezani, alisema, ni kama benchi linahusika au halihusiki. Kwa kumbukumbu zetu, ndugu Aidani aliondolewa. Kikao kilikuwa halali. Akidi ilitimia, mpaka ikazidi, maana siku ile kulikuwa na kashata za bure.

— Aliondolewa kwa sababu gani? Wakili alisimama sasa, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Taja sababu.

— Kwa sababu ya kupata ajira.

— Alipata ajira?

— Wakili, si tulimsindikiza stendi wote?

— Ninyi mlisindikiza mtu mwenye begi. Mimi nauliza, kisheria, alipata ajira? Mwalimu, mtu akiajiriwa serikalini, mwaka wa kwanza anaitwa nani?

— Yuko kwenye majaribio, alisema Kikokotoo. Anasubiri kuthibitishwa kazini.

— Kuthibitishwa. Yaani kabla ya hapo haijathibitika kwamba ni mwajiriwa. Nani hapa anaweza kuthibitisha jambo ambalo serikali yenyewe haijathibitisha? Na kama hakuwa mwajiriwa, ile ajira haikuwapo. Na kama haikuwapo, sababu ya kumwondoa haikuwapo. Kwa hiyo hakuondolewa. Aidani amekufa akiwa mwanachama hai wa benchi hili.

Akakaa. Nilimwona Kikokotoo akifuta macho kwa mkono wa koti, akasingizia moshi wa jiko. Na mimi nilikuwa tayari kuikubali hoja ile kama ilivyo, na matundu yake yote. Ilikuwa hoja ya mtu anayemtaka kijana wake arudishwe.

— Ni hoja nzuri, alisema Katibu taratibu. Lakini inabidi ipitishwe na kikao. Uamuzi wa kikao unafutwa na kikao. Na wajumbe wawili wako Namtumbo wanavuna tumbaku.

— Wapigie simu.

— Kura ya simu hatuna kifungu chake.

— Tutunge.

— Kutunga kifungu kunahitaji kikao.

— Athanasi, alisema Wakili, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita Katibu kwa jina. Yule mtoto alimzika mke wako.

Katibu akaigeuza kalamu yake.

— Alimzika, alisema. Ilikuwa masika, maji yanajaa. Alikuwa anachota maji kwa ndoo huku anachimba. Nikamwambia, mlongo wangu, ndugu yangu, inatosha, pumzika. Akaniambia, mzee, mama hawezi kulala kwenye maji.

Pikipiki ikapita, dereva akatupigia honi ya salamu, hatukuitika.

Ni Kikokotoo aliyerudisha mazungumzo, kwa sauti ya mtu anayeokota kitu chochote kilicho karibu.

— Kuna njia nyingine. Uhamisho wa kubadilishana.

— Nini?

— Walimu wanafanya. Wewe uko Nalasi unataka Songea, mwingine yuko Songea anataka Nalasi, mnabadilishana vituo, kila mtu anaandika barua yake. Tukipata mwalimu anayetaka kwenda Nalasi, leo hii, Aidani anahesabika amehamia hapa. Akihesabika amehamia hapa, basi msiba ni wa walimu wa hapa. Tawi la hapa lina watu. Vijana wenye nguvu.

— Mwalimu gani atoke mjini aende Nalasi?

— Anayelima korosho.

— Na barua ya Aidani aandike nani?

— Ataandika Katibu. Anaweza hata saini.

— Anabadilishana na nani hasa? aliuliza Daimu.

— Unasemaje?

— Nasema huko aliko Aidani sasa hivi. Mkimhamisha yeye aje huku, wa kubadilishana naye ni nani?

Kikokotoo akainua kikombe chake, kilikuwa kitupu. Ana miaka sabini na kitu na moyo wake unasumbua. Akaomba kahawa nyingine, na Daimu akamimina, ikatoka nusu kikombe. Birika lilikuwa linaishia.

Lazima niseme hapa jambo ambalo kila mtu pale alikuwa analijua. Katika wale waliobaki kwenye orodha yetu, hakuna anayeweza kushuka kaburini na kupanda tena bila kuvutwa. Wakili ana magoti. Katibu ana kiuno. Mimi daktari amenikataza hata kubeba ndoo. Miaka minane tulikuwa na kijana mmoja aliyekosa kazi, na juu ya kukosa kazi kwake tukajenga chama kizima cha kuzikana. Siku alipopata kazi tulifurahi sana, tukamfuta, na hatukujiuliza lingine.

Wakati huo ndipo msichana alipovuka barabara kuja kwetu. Alivaa baibui lenye vumbi hadi magotini na sweta la kiume juu yake, na begi dogo begani. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

— Asalaam aleykum. Shikamooni wazee.

— Marahaba, tuliitikia. Wakili akaongeza: Waaleykum salaam, mwanangu. Karibu ukae.

— Nimeshakaa sana kwenye gari, mzee. Naulizia wazee wa benchi.

— Ndio sisi.

Akatuangalia mmoja baada ya mwingine. Nadhani alikuwa anatulinganisha na kitu alichokuwa amesimuliwa.

— Mimi naitwa Zulfa. Nafundisha na Aidani Nalasi. Tuliripoti siku moja, ajira mpya. Tumekuja wanne, wenzangu wa kiume wako nyuma na mwili, mimi nimetangulia.

— Poleni sana, mwanangu, alisema Katibu. Poleni na safari.

— Tushapoa. Mzee Katibu ni wewe?

— Ni mimi.

— Alikuwa anatusimulia habari zako. Ya mihuri miwili. Akacheka kidogo, kicheko kikamkatikia njiani. Wale wa chama walipokuja na fomu, sisi wote tulijaza. Yeye akakataa. Tukamwambia, Aidani, ukifa huku porini nani atakusafirisha. Akasema ninyi mnachangia watu msiowajua. Mimi kwetu kuna benchi. Wale wazee hata uwe umekufa Msumbiji watakuja. Tena alikuwa akipokea mshahara anaulizia namna ya kutuma ada ya benchi, anasema ajabu wazee hawamdai. Akadhani mmemsamehe kwa kuwa ni mgeni kazini.

Wakili alivua futi yake shingoni, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

— Kwa hiyo nimekuja kwenu kwanza, alisema Zulfa. Kwa mama nimepita, nimemkuta amelala, wanawake wamemzunguka, sikutaka kumuuliza. Wenzangu wamenipigia wanataka kujua ili wawe na utulivu njiani.

— Wanataka kujua nini, mwanangu?

— Kaburi linachimbwa na nani?

Lilikuwa swali la kawaida. Mtu mwingine yeyote mtaani angelijibu, tena angelijibu vizuri, kwa sababu miaka minane jibu lake lilikuwa moja.

Katibu akamtazama Kikokotoo. Kikokotoo akamtazama Wakili. Wakili, ambaye alimshinda mwenye mbuzi mahakamani, akatazama barabara. Mimi nikatazama kikombe changu.

— Kuna kikao, alianza Katibu, halafu akaacha.

Zulfa alisubiri. Mwalimu amezoea kusubiri jibu, anampa mwanafunzi muda, hamwaibishi. Akasubiri hadi ikaonekana kwamba hakuna mkono utakaonyooka. Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika.

— Haya, alisema. Basi niambieni sururu na koleo vinapatikana wapi.

— Viko kwa mama yake, alisema Daimu. Anaviweka chini ya kitanda chake Aidani.

— Nashukuru, kaka.

Daimu aligeuza birika juu ya kikombe kimoja cha mwisho apate kumpa. Yalitoka masimbi tu, machicha ya kahawa. Akaomba radhi. Zulfa akasema hamna neno, akatuaga mmoja mmoja, akarudi alikotoka.

Aidani alizikwa Jumatano jioni. Kaburi lilichimbwa na walimu watatu wa ajira mpya kutoka Nalasi, ambao walikuwa hawajawahi kuchimba kaburi. Jeneza lilipofikishwa, kaburi likaonekana fupi, ikabidi Mektilda atandike kanga zake chini jeneza liwekwe juu yake, na wale walimu wakashuka tena kuliongeza, hadi jua likazama. Sisi wa benchi tulikuwapo wote. Tuliletewa viti.